Kwa nini vyama vya wafanyakazi wa reli wa Marekani viliitwa "Udugu"?

Mdadisi

Nimekuwa nikisoma historia ya reli za Marekani kwa miezi kadhaa, na kila ninapofika kwenye habari za wafanyakazi nakwama mahali palepale. Vyama vyao vikubwa havikujiita vyama, vilijiita Udugu: Udugu wa Madereva wa Treni, Udugu wa Wachochea Moto, Udugu wa Watumishi wa Treni. Makondakta peke yao ndio waliochagua kujiita Jumuiya. Anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza hutarajia kukuta watu wa shauri moja, mmoja akiguswa wote wanainuka. Ninachokikuta vitabuni ni kitu kingine.

Mwaka 1877 mgomo ulioanzia Martinsburg, West Virginia, ulifika Chicago na St. Louis ndani ya siku chache, kisha ukazimwa na jeshi. Mwaka 1888 madereva na wachochea moto wa reli ya Burlington waligoma, na nafasi zao zikachukuliwa na watu wa reli wenzao. Mwaka 1894 Eugene Debs, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alisimamisha treni katika sehemu kubwa ya nchi, akaishia gerezani. Mwaka 1922 mafundi wa karakana waligoma kwa mamia ya maelfu huku madereva wakiendelea kuendesha. Katikati ya misiba hiyo yote upo mwaka 1916, ambapo wafanyakazi wa ndani ya treni walipata siku ya kazi ya saa 8 kwa sheria ya Bunge bila kugoma hata siku moja.

Ninachouliza ni kwamba neno hili udugu lilitoka wapi, na lilikuwa na maana gani kwa wale waliolitumia? Na kama maana hiyo ilikuwa ya kweli, kwa nini halikuwaunganisha watu waliokula jasho lao juu ya reli zilezile? Naomba anayejua anieleze kwa kituo, kwani sitafuti jibu la mistari miwili. Lipo pia jambo dogo la pembeni: niliamini kwamba kiungo cha mabehewa kinachojifunga chenyewe, ambacho Eli Janney alikipatia hataza mwaka 1873, ndicho kilichookoa maisha ya wafanyakazi, lakini naona vifo viliendelea kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo.

Karakana

Ndugu Mdadisi, nianze na hilo uliloliita dogo, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo humo. Nimeshughulika na mabehewa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila ninaposoma jinsi yalivyounganishwa Marekani kabla ya miaka ya 1890, mwili hunisisimka.

Kila behewa la mizigo lilikuwa na mdomo wa chuma mbele na nyuma. Kiungo kilikuwa pete ndefu ya chuma iliyoingizwa katika midomo miwili inayotazamana, ikashikwa kila upande kwa pini nene iliyotumbukizwa kutoka juu. Mfunga breki alisimama kati ya behewa lililotulia na jingine lililokuwa likisukumwa na injini kumjia. Alipaswa kuinyanyua pete kwa mkono ili ielekee sawasawa kwenye mdomo wa behewa linalokuja, autoe mkono kabla vyuma viwili havijagongana, kisha papo hapo aitumbukize pini kwenye tundu lake. Mabehewa ya kampuni mbalimbali hayakulingana kwa kimo, kwa hiyo ujuzi wa jana haukutosha kwa behewa la leo. Usiku alifanya yote hayo akiwa na taa mkononi, na wakati wa mvua mataruma yalikuwa yakiteleza chini ya viatu vyake. Ilikuwa kawaida kusema kwamba ukitaka kujua kama mtu ni mfunga breki mzoefu, tazama vidole vyake vilivyobaki ni vingapi.

Kazi yake ya pili ilikuwa juu ya paa. Breki za treni ya mizigo zilikazwa kwa gurudumu la mkono lililokuwa juu ya kila behewa. Dereva alipopiga filimbi ya kuomba breki, wafunga breki walikimbia juu ya mapaa kwenye njia ya mbao, wakiruka kutoka behewa hadi behewa huku treni ikiyumba, wakikaza gurudumu moja na kukimbilia jingine. Majira ya baridi mbao hizo zilishika barafu. Aliyeanguka kati ya mabehewa mawili hakuwa na pa kushika.

Rais Benjamin Harrison aliliambia Bunge mwaka 1889 kwamba, katika mwaka mmoja uliokwisha Juni 1888, wafanyakazi wa reli zaidi ya 2,000 walikufa kazini na zaidi ya 20,000 waliumia. Sheria haikuwasaidia. Mwaka 1842, katika kesi ya dereva Farwell aliyepoteza mkono kwa kosa la mfanyakazi mwenzake, mahakama kuu ya Massachusetts iliamua kwamba mtu anayekubali kazi ya hatari amekwisha kuikubali hatari yake pamoja na mshahara, na kwamba mwajiri hawajibiki kwa kosa la mfanyakazi mmoja dhidi ya mwenzake. Msimamo huo uliwaandama watu wa reli kwa miongo mingi, hadi Bunge lilipopitisha sheria ya fidia iliyodumu, mwaka 1908. Makampuni ya bima nayo ama yaliwakataa kabisa, ama yaliwatoza ada wasiyoimudu.

Hapo ndipo neno lako lilipozaliwa. Madereva waliunda Udugu wao Michigan mwaka 1863, makondakta wakafuata mwaka 1868, wachochea moto mwaka 1873 kule Port Jervis, New York, na wafunga breki, ambao chama chao ndicho kilichokuja kuitwa Udugu wa Watumishi wa Treni, mwaka 1883 kule Oneonta, katika jimbo hilohilo. Mgomo haukuwa ndilo lengo la kuviunda. Kwa Kiswahili chepesi, vilikuwa vyama vya kufa na kuzikana: kila mwanachama alitoa mchango, na siku treni ilipomkata mguu au kumuua, yeye au mjane wake alipewa fedha kutoka mfuko wa wote. Walikuwa na viapo na taratibu za siri kama jumuiya nyingine za wanaume wa zama zile, na walipoitana ndugu walimaanisha kwamba wewe ndiye utakayenibeba, kwa kuwa kampuni haitanibeba.

Kuhusu Janney, hataza ni karatasi, haifungi behewa. Kiungo kinachojifunga hakina faida ikiwa behewa la jirani halina cha aina yake, na mabehewa ya kampuni moja yalizurura kwenye njia za kampuni zote, hivyo kila mwenye reli alisubiri mwenzake aanze kutoa fedha. Breki ya upepo ya George Westinghouse, ya mwaka 1869, ilienea upesi kwenye treni za abiria, lakini ilipojaribiwa kwenye treni ndefu za mizigo karibu na Burlington, Iowa, mwaka 1886, mabehewa ya mbele yalisimama kabla upepo haujafika nyuma na ya nyuma yakayagonga vibaya. Westinghouse alirekebisha vali zake, na mwaka uliofuata alifaulu. Lorenzo Coffin, mkulima wa Iowa aliyekuja kuwa kamishna wa reli wa jimbo hilo, alitumia miaka mingi akizunguka kwenye mikutano ya makanisa, ya wenye reli na ya wanasiasa, akidai vifaa hivyo viwe vya lazima. Sheria ilipatikana Machi 1893, utekelezaji wake ukapangiwa mwaka 1898, kisha makampuni yakaongezewa muda hadi Agosti 1900. Kwa hiyo tangu hataza ya Janney hadi mfunga breki wa mwisho kuacha kuingiza mkono kati ya vyuma ilipita miaka 27.

Daftari

Mzee Karakana ameeleza vizuri, na sina la kupinga katika habari za pete na pini. Naomba nimtazamishe Mdadisi upande wa pili wa neno lilelile. Chama cha kufa na kuzikana huwa na daftari la majina, na daftari hilo lina mstari wa mwisho. Asiyeandikwa humo hazikwi na chama.

Chukua reli ya kuvuka bara, iliyoruhusiwa na sheria aliyotia saini Abraham Lincoln Julai 1862 na kukamilika Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Upande wa magharibi, kampuni ya Central Pacific ilitoka Sacramento na kuikabili milima ya Sierra Nevada kwa nguvu ya Wachina, ambao kwa jumla walikuwa zaidi ya 10,000. Handaki la kileleni lina urefu wa futi 1,659, na jiwe lake ni matale magumu mno hivi kwamba, hata kwa baruti, mara nyingi walisonga takriban futi moja kwa siku. Walichimba kutoka ncha zote mbili, na pia walitoboa shimo la kwenda chini katikati ya handaki ili vikosi viwili zaidi vichimbe kutoka ndani kwenda nje. Katika majira ya baridi ya 1866 na 1867 theluji ilikuwa nyingi kiasi kwamba walitoka makambini kwenda kazini kwa kupita ndani ya njia walizochimba chini ya theluji, na waliofunikwa na maporomoko walipatikana theluji ilipoyeyuka.

Mwishoni mwa Juni 1867 maelfu ya Wachina hao waliweka zana chini kwa pamoja. Kabla ya hapo walikuwa wakipata dola 31 kwa mwezi na wakaongezewa hadi 35. Wao walitaka 40, saa chache zaidi za kupumzika, na zamu fupi ndani ya mahandaki. Wazungu walilishwa na kampuni, ilhali Wachina walijinunulia chakula chao. Charles Crocker, aliyesimamia ujenzi, hakuita jeshi. Alizuia chakula kisipande mlimani, akangoja. Baada ya takriban wiki moja, njaa ikawarudisha kazini. Udugu wa Madereva ulikuwa tayari na umri wa miaka 4 wakati huo, lakini uliundwa kwa ajili ya madereva Wazungu, na mchimba handaki wa Kichina hakuwa ndugu wa yeyote.

Kuna jambo moja ambalo huwa nalirudia kila tunapozungumzia reli hii. Tarehe 28 Aprili 1869, Central Pacific ilitandika maili 10 za reli kwa siku moja. Wachina kwa maelfu walipanga mataruma, wakagongomea misumari, wakashindilia kokoto. Waayalandi 8 walinyanyua reli kwa mikono tangu asubuhi hadi jioni. Majina ya wale 8 yaliandikwa na yapo hadi leo. Katika vitabu vya mishahara, Wachina wengi waliandikwa kwa jina la kiongozi wa kikosi tu, na hakuna barua hata moja ya mjenzi wa Kichina wa reli ile iliyopatikana. Mwaka 1882 Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini.

Kusini mambo yalikuwa mazito zaidi. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, reli nyingi za majimbo ya kusini zilijengwa na watumwa, wengine wakiwa mali ya kampuni za reli zenyewe na wengine wakikodishwa kutoka kwa mabwana zao. Utumwa ulipokomeshwa, majimbo yakaanza kukodisha wafungwa, ambao wengi wao walikuwa Weusi. Tarehe 30 Desemba 1882, wafungwa waliokuwa wakichimba handaki la Cowee, North Carolina, walivushwa mto Tuckasegee kwa mashua wakiwa wamefungwa minyororo. Mashua ikajaa maji, na 19 kati yao wakazama. Hao pia walikuwa wafanyakazi wa reli, ingawa hesabu za vyama haziwataji.

Sasa nije kwa ndugu wenyewe, waliomo daftarini. Kila Udugu ulikuwa wa kazi moja. Dereva alimwona mchochea moto kama mwanafunzi wake, na kondakta aliwaona wafunga breki kama watu wa chini yake. Mwaka 1877, kampuni ya Baltimore and Ohio ilipokata tena mishahara kwa asilimia 10, waliogoma walikuwa wachochea moto na wafunga breki wenyewe bila amri ya viongozi wowote. Kule Pittsburgh wanamgambo walioletwa kutoka Philadelphia waliwafyatulia watu risasi, takriban 20 wakafa, na usiku huo umati ukachoma karakana, injini 104 na mabehewa zaidi ya elfu moja.

Ulitaja Burlington mwaka 1888. Kisa chenyewe kinaumiza. Miezi michache nyuma yake, wanachama wa chama kingine, Knights of Labor, waligoma kwenye reli ya Reading, na madereva wa Udugu wakachukua nafasi zao. Reading ilikuwa imewafukuza watu wa Udugu mwaka 1877, na kwao hiyo ilikuwa nafasi ya kurudi. Zamu ya Udugu kugoma ilipofika kule Burlington, baadhi ya wale waliopoteza kazi Reading walipanda injini zao. Kila upande ulikuwa na kinyongo cha haki, na kampuni ndiyo iliyoshinda mara zote mbili.

Debs aliyaona haya yote akiwa mtunza hazina wa Udugu wa Wachochea Moto na mhariri wa gazeti lao. Ndiyo maana mwaka 1893, Chicago, aliunda chama kipya cha watu wote wa reli, kuanzia dereva hadi mfagiaji, na hakukiita Udugu. Aprili 1894 chama hicho kiliishinda kampuni ya reli ya Great Northern kwa mgomo wa siku 18, na watu wakamiminika kujiunga. Tafadhali zingatia kwamba mgomo wa mwaka huo ambao sote tunaujua haukuanzia kwenye treni. Ulianzia Mei kwenye kiwanda cha mabehewa cha George Pullman, kusini mwa Chicago, ambako mishahara ilikatwa huku kodi za nyumba, ambazo pia zilikuwa za Pullman, zikibaki palepale. Juni wanachama wa Debs walikataa kuvuta treni yoyote yenye behewa la Pullman. Mwanasheria Mkuu Richard Olney, aliyekuwa wakili wa makampuni ya reli kabla ya kuingia serikalini, alipata zuio la mahakama kwa hoja ya barua za posta na biashara baina ya majimbo, na Rais Grover Cleveland akapeleka jeshi Chicago ingawa Gavana John Peter Altgeld wa Illinois alipinga. Debs alifungwa miezi 6. Viongozi wa vyama vya Udugu walijitenga naye.

Hata hivyo, chama hicho kilichotaka kuwakusanya wote kilikuwa, katika mkutano wake wa mwezi huohuo wa Juni, kimepiga kura ya kutowapokea Weusi. Debs alisimama kuipinga hoja hiyo, akashindwa kwa kura chache. Wahudumu wa mabehewa ya Pullman, waliokuwa Weusi, waliachwa nje ya mgomo uliobeba jina la mwajiri wao.

Mdadisi

Shikamoo Mzee Karakana, na asante sana Daftari. Nimesoma majibu yenu mara mbili, na sehemu ya Reading na Burlington nimeirudia mara ya tatu. Sasa nimebaki na mambo mawili. La kwanza ni mwaka 1916: ikiwa Udugu ulikuwa umegawanyika hivyo, ulipataje saa 8 bila kugoma? La pili ni hao wahudumu wa Pullman. Nimeona mahali kwamba walikuja kuunda chama chao, na kwamba nao walikiita Udugu. Walilichukua neno la watu waliowafungia mlango?

Mkutubi

Ndugu Mdadisi, mwaka 1916 uliwezekana kwa sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza ni kwamba vyama vinne vya watu wa ndani ya treni, yaani madereva, makondakta, wachochea moto na watumishi wa treni, kwa mara hiyo vilidai kitu kimoja kwa sauti moja katika nchi nzima, na vikapanga kugoma mapema Septemba. Ya pili ni wakati wenyewe. Ulaya ilikuwa vitani, bandari za mashariki zilitegemea treni kwa shehena zilizokwenda huko, na Rais Woodrow Wilson alikuwa na uchaguzi Novemba. Aliwaita pande zote mbili, wenye reli wakakataa, akaenda Bungeni. Sheria ya Adamson ilipita kabla siku ya mgomo haijafika, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Machi 1917.

Lakini soma sheria hiyo inamtaja nani. Inawahusu waendeshao treni. Fundi wa karakana na kibarua wa njia ya reli hawamo. Mafundi walilipa gharama ya mgawanyiko huo Julai 1922, walipogoma takriban 400,000 baada ya mishahara yao kukatwa. Vyama vinne vikakaa kimya, serikali ikapata zuio la mahakama lililokuwa kali kiasi cha kuwakataza hata kuwashawishi wenzao kwa maneno, na mgomo ukavunjika reli moja baada ya nyingine. Kutokana na uchungu huo pande zote zilikubali sheria ya mwaka 1926, ambayo bado inatumika: huwezi kugoma kabla ya kupitia mapatano, usuluhishi na vipindi vya kusubiri, na mwishowe Bunge linaweza kuingilia. Ndivyo lilivyofanya Desemba 2022, lilipowalazimisha wafanyakazi kukubali mkataba ambao baadhi ya vyama vyao vilikuwa vimeukataa kwa sababu haukuwa na siku za kutosha za kuugua zinazolipwa. Mimi naona sheria hii imewapa watu wa reli utulivu kwa kuwanyang'anya nafasi ya kuchagua wakati wa kugoma, kwani mgomo unaoweza kuahirishwa hadi kampuni iwe tayari umepoteza nusu ya nguvu yake.

Kuhusu wahudumu wa Pullman, ndiyo, walilichukua neno hilo, na walijua walichokuwa wakifanya. Agosti 1925, Harlem, New York, A. Philip Randolph alizindua Udugu wa Wahudumu wa Mabehewa ya Kulala. Yeye mwenyewe hakuwa mhudumu, na hilo lilimfaa, maana kampuni haikuweza kumfukuza. Kazi ilikuwa ya karibu saa 400 kwa mwezi. Mhudumu alifika mapema kutandika vitanda na kupokea abiria, na sehemu kubwa ya saa hizo za maandalizi hakulipwa. Usiku, abiria wakiwa wamelala, alikusanya viatu vyao na kuving'arisha, huku kengele ikiweza kulia wakati wowote. Mshahara ulikuwa mdogo, kwa hiyo aliishi kwa bakshishi, na bakshishi ilimlazimu kutabasamu. Abiria wengi walimwita "George", kwa jina la mwenye kampuni, kama mtumwa wa zamani alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Kampuni ilikuwa na chama chake cha kubuni cha kuwatuliza, ilikuwa na wapelelezi ndani ya mabehewa, na iliajiri Wafilipino ili kuwatisha. Kwa miaka kadhaa Udugu wa Randolph ulipungua hadi ukakaribia kufa. Uliokolewa na marekebisho ya mwaka 1934 ya ile sheria ya 1926, yaliyokataza vyama vya kubuniwa na mwajiri na kuwahesabu wahudumu hawa kama wafanyakazi wa reli. Mwaka uliofuata wakashinda uchaguzi wa kutambuliwa, na tarehe 25 Agosti 1937, miaka 12 kamili tangu Harlem, Pullman ikatia saini mkataba. Saa za kazi zilishuka hadi 240 kwa mwezi.

Karakana

Marahaba, kijana wangu. Niliandika mwanzoni juu ya udugu wa wafunga breki kwa moyo mweupe, na sijutii, lakini Daftari na Mkutubi wamenikumbusha jambo lililotokea ndani ya kibanda cha injini chenyewe. Niliongeze, kwa kuwa linajibu vizuri zaidi kuliko pete na pini lile swali la kwa nini neno hilo halikuwaunganisha wote.

Katika reli nyingi za kusini, mchochea moto alikuwa mtu Mweusi na dereva alikuwa Mzungu. Sababu haikuwa heshima. Kutia makaa kwa koleo ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo: unafungua mlango wa tanuri, joto linakupiga usoni, unarusha makaa mahali hasa panapohitaji moto, unafunga, unarudia, tani kwa tani, huku sakafu ikicheza chini ya miguu. Mweusi aliruhusiwa kuifanya maisha yake yote, lakini hakuruhusiwa kupanda kuwa dereva. Mashine za kutia makaa zilipokuja, na baadaye injini za dizeli, kazi ikawa safi na nyepesi, na hapo Wazungu wakaitaka. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, wakati kazi zilipokuwa adimu, baadhi ya wachochea moto Weusi wa Mississippi walipigwa risasi wakiwa kazini ili nafasi zao zibaki wazi.

Februari 1941 Udugu wa Wachochea Moto, ambao haukupokea Weusi, uliafikiana na reli za kusini mashariki kwamba Weusi wasizidi nusu ya wachochea moto katika kila aina ya kazi. Chini ya ile sheria ya 1926 ya kazi za reli, Udugu huo ndio uliokuwa mwakilishi wa wachochea moto wote, Weusi wakiwemo. Bester William Steele, wa reli ya Louisville and Nashville huko Alabama, alikuwa kwenye treni za abiria, nafasi nzuri aliyoipata kwa haki ya aliyetangulia kazini. Aliondolewa, nafasi yake na za wenzake zikapewa Wazungu waliowafuata kwa muda wa utumishi. Alikaa siku 16 bila kazi, kisha akapewa treni za mizigo za karibu, zenye kazi ngumu zaidi na malipo madogo, na baadaye injini ya kupangia mabehewa, iliyokuwa mbaya kuliko hizo. Alipeleka kesi mahakamani. Alirudishwa kwenye treni za abiria Januari 1942, baada ya kufungua kesi, lakini hakuiacha.

Wakili wake Charles Hamilton Houston aliifikisha kesi hiyo Mahakama ya Juu, na Desemba 1944 majaji waliamua kwamba chama kinachopewa na sheria mamlaka ya kusema kwa niaba ya kundi zima kinawajibika kuwatetea wote wa kundi hilo kwa haki, bila ubaguzi wa rangi. Kanuni hiyo ikaja kutumika kwa vyama vya kazi nyingine nyingi nje ya reli. Hukumu hiyohiyo ilisema wazi kwamba Udugu unabaki na hiari ya kuchagua wanachama wake. Steele alitoka mahakamani akiwa na haki ya kutetewa na chama ambacho bado hakuruhusiwa kuingia katika mkutano wake.